Madamu Aliyekusanya Ukimya

Kilichoninyima usingizi mwaka ule ni uso wa mama yangu. Haukuwa uso wake wa kila siku, ule aliokuwa nao jikoni kwetu Kilburn akiilalamikia nazi ya kopo. Ulikuwa uso mmoja tu, umelala ndani ya kopo la duara la bati, kwenye kipande kifupi cha filamu niliyoitengeneza mwenyewe. Swali langu lilikuwa dogo hata naona haya kuliandika: nikikate wapi? Nikikikata mapema, mama angeonekana akicheka na filamu ingeendelea na safari yake. Nikikiacha kidogo tu, muda wa kuvuta pumzi na kuishusha, kicheko kingeisha na watu wangeona kilichokuwa nyuma yake. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikapanda nalo basi.

Mtu niliyemwamini kwa maswali ya namna hiyo alikuwa Madamu. Shida ni kwamba Madamu alikuwa ameshanijibu.

Nilimwita Madamu kwa sababu kila mtu katika jengo lile alimwita hivyo, kuanzia mpeleka barua hadi waongozaji wenye majina. Alikuwa Mfaransa, mhariri wa filamu, na nchini kwao aliwahi kupewa tuzo kubwa. Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Niliwahi kumwuliza, akanitazama kama mtu aliyeletewa sahani asiyoiagiza.

"Filamu nzuri humkuta mtu ameshavaa viatu," alisema. "Mimi ulinikuta nimevaa. Endelea kutoka hapo."

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo jembamba, katika kichochoro nyuma ya majumba ya sinema, katikati ya London. Dirisha lilikuwa darini, na njiwa walipotembea juu yake tuliona nyayo zao tu, nyekundu, zikipita mawinguni. Pembeni palikuwa na makapu marefu ya turubai, na juu yake vipande vya filamu vilining'inia kwenye vibanio kama nguo kambani. Mlango ukifunguliwa vyote vilitikisika pamoja, vikatoa sauti ya mvua ya mbali. Katikati ilikaa meza ya kukatia, yenye kioo kidogo kisichozidi ukubwa wa kitabu, na katika kioo hicho watu wa filamu waliishi maisha yao, wakasimama, wakarudi, wakaanza tena. Ukikaa mle nusu siku ulisahau kama nje ni majira gani. Nilikuwa natoka nikiwaona wapita njia wote kama wanaongoja mtu awaambie waendelee.

Nilifika pale kwa kazi ya kupiga chapa, ya wiki moja. Nilikuwa na shahada ya historia na woga wa kila kitu. Mama alikuwa ameshawatangazia wanawake wenzake kwamba nitapata kazi Croydon, katika lile jengo refu la uhamiaji ambamo watu wetu wote wamewahi kupanga foleni wakiwa na pasi zao mkononi. Alitaka niwe upande wa pili wa dirisha. Mimi nilikuwa bado natafakari kama kwenda kujaza fomu au kutokwenda, na katika kutafakari huko nikapelekwa kwa Madamu.

Siku ya kwanza alinipa maduara ya filamu niyaandikie vibandiko. Jioni alikipitia kimoja, akakisoma kwa sauti: "Mwanamke anafungua mlango. Labda ana hasira, labda amechoka." Akavua miwani.

"Labda mara mbili," alisema. "Katika mlango mmoja."

"Samahani, Madamu. Nitakifupisha."

"Usifupishe. Wanaokuja hapa wote wanajua. Mlango ni mlango, hasira ni hasira. Wiki ijayo utarudi."

Nikarudi, na wiki nyingine, na nyingine. Mama alipouliza habari za Croydon nilimwambia mambo bado. "Mambo bado," alinijibu, "ndiyo yanayozeesha mabinti."

Namna yake ya kufanya kazi sikuiona kwa mtu mwingine. Mara ya kwanza alitazama kila kitu bila sauti. Mara ya pili alisikiliza sauti peke yake, kioo akikifunika kwa skafu yake. Mara ya tatu aliitazama filamu kinyumenyume. Hapo ndipo nilipokuwa naona kama nimelala macho wazi: watu wakirudisha chai vikombeni, moshi wa sigara ukiwaingia midomoni, waliokuwa wakigombana wakiachana taratibu na kuwa wapole, machozi yakipanda mashavuni na kuingia machoni yalikotoka.

"Mtu akienda mbele anaigiza," alisema. "Akirudi nyuma hana nafasi."

Mikono yake ilikuwa mifupi, na vidole vyenye ncha bapa kama vya mshona viatu. Nyuma ya sikio alichomeka penseli ya nta ya manjano. Alipoona pahali pa kukata hakusimamisha mashine kwa fikra. Mkono ulikwenda wenyewe, ukasimamisha, ukachora alama, na macho ndiyo yaliyofuata kuangalia mkono umefanya nini. Nilipomwuliza anajuaje, alisema mwanzoni hajui, na baadaye vilevile hajui, ila haogopi tena. Neno moja tu alilirudia kama mwalimu: usikate mtu anapomaliza kusema, kata anapomaliza kufikiri.

Kazi hiyo aliianza akiwa msichana, katika maabara ya filamu pembezoni mwa Paris, amevaa glavu nyeupe, akiunganisha vipande vya watu asiowajua. Siku zile, alinieleza, kazi hiyo walipewa wanawake kwa sababu wakubwa waliiona kama ushonaji. "Walidhani tunapiga pindo," alisema, "kumbe tulikuwa tunaamua nani apendwe." Kutoka kuunganisha akapanda kuwa msaidizi, kutoka usaidizi akapewa meza yake, na waongozaji vijana wakaanza kumpelekea filamu zilizowashinda. Ikaja tuzo. Halafu mwongozaji mmoja wa Kiingereza akamwita London kwa filamu moja, na ile moja ikazaa nyingine, mpaka akawa ameshakaa miaka bila kuamua kukaa. Hilo nilielewa bila maelezo. Kilburn nzima imejaa watu waliokuja kwa muda.

Yeye na yule Mwingereza walifanya kazi pamoja miaka yote hiyo bila kula pamoja hata mara moja. Niliwahi kuwasikia.

"Hapa analia!" Mwingereza alisema.

"Nimeona."

"Basi mwache alie!"

"Ameshalia," Madamu alisema. "Sasa anachungulia kama tumemwona."

Yule bwana alichukua kofia yake akatoka. Kesho yake alirudi na maandazi yao yale yenye jamu katikati, akayaweka mezani, na kile kilio kilikuwa kimeshafupishwa.

Tuzo yenyewe haikuwa chumbani. Ilikuwa chini, kwenye mkahawa wa Msaiprasi mmoja, imewekwa kando ya mashine ya kahawa. Wateja walidhani ni tuzo ya kahawa. Msaiprasi mwanzoni aliwasahihisha, baadaye akachoka, mwishowe akawa anaitikia kwa unyenyekevu. "Anaistahili," Madamu alisema. "Wewe hujawahi kunywa kahawa ya yule aliyemtangulia."

Lakini nisimfanye mtu wa hekima tupu, maana alikuwa na vituko. Waongozaji aliwaambia watupe, watupe, wasione huruma, na yeye mwenyewe hakuwahi kutupa kitu. Alidharau machozi ya waigizaji, na tangazo la sabuni ya unga lilimliza, lile la mtoto anayejifunika taulo. Hadithi zake hakuzimaliza. Angefika pale ulipokuwa umeacha kutafuna, akasimama, akavaa koti, akaenda zake. Simu vilevile: akishapata alichokitaka aliweka chini, nawe umebaki na neno mdomoni. Siku moja alimfanyia hivyo mama.

"Mfaransa wako kanikatia simu!" mama aliniambia jioni.

"Ndivyo alivyo, Mama. Anamfanyia kila mtu."

"Haagi? Mtu mzima haagi?"

Katika filamu zake zote, kweli, hakuna mtu anayeaga. Mtu yuko mezani, na ukipepesa jicho yuko njiani. Kufunga mlango, alisema, hakuna asiyejua kunakuwaje.

Na alikuwa na ule mkusanyiko wake. Kila mahali filamu inapopigwa, fundi wa sauti huwaomba watu wote wanyamaze kidogo, arekodi ukimya wa pahali pale, ili mhariri apate kitu cha kuzibia nyufa baina ya maneno. Kwani ukimya wa jikoni si ukimya wa msikitini, na ukichanganya sikio litajua. Wahariri wengine wakishautumia huutupa. Madamu aliutunza. Rafu nzima ilijaa: jikoni, mvua imekatika. Kanisa, kabla ya mazishi. Chumba cha hoteli, wawili wamenuniana. Saa ya chakula alichagua mmoja akauweka kwenye mashine, tukala tukiusikiliza, yeye na jibini yake, mimi na sambusa za mama. Nilikuwa nikisikia hewa ya vyumba ambavyo sijawahi kuvitia mguu, vya watu ambao huenda wameshakufa, na nilihisi kwamba nikigeuka ghafla nitawaona wamesimama, wamezuia pumzi, wakisubiri kuambiwa basi.

Yeye ndiye aliyenisukuma nitengeneze filamu yangu. Alinipa mabaki ya filamu tupu, akaniruhusu meza yake Jumamosi, akanipa na ufunguo. Nilichagua jambo la karibu, kwa woga wa kukosea mbali: wanawake wa kwetu, Waunguja na Wapemba, waliokutana sebuleni kwetu kila Jumapili kushona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono. Walishona kwa ajili ya waume zao, wana wao na wakwe zao, huku wakizungumza, wakila, wakirekebishana Kiswahili cha watoto wao waliojibu kwa Kiingereza. Mwenzangu mmoja wa chuoni alishika kamera.

Jumapili moja Madamu alikuja kuona. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompandisha daraja, akakaa pembeni ya sofa. Mwisho wa siku akaniambia, sasa chukua ukimya wa chumba.

"Jamani," nikawaambia, "tunaomba sote tunyamaze dakika moja."

Wanawake wakatazamana. "Nani kafa?" akauliza shangazi yangu.

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Ni kunyamaza tu."

"Watu wazima wanyamaze tu, burebure?" Akatikisa kichwa, akainua viganja. "Fatiha, jamani." Na wote wakainua viganja, midomo ikacheza bila sauti, na mwisho wakajipangusa nyuso na kusema Amin kwa pamoja, Amin nzito, iliyoingia yote kwenye kinasa sauti.

"Turudie," nikasema.

"Tumeshamwombea," shangazi alisema. "Huyo maiti wenu ana dhambi gani?"

Nilipomfasiria Madamu alicheka hadi akashika ukuta. Alikataa turudie. Maisha yake yote, alisema, hajawahi kupewa ukimya wenye mwisho. Kisha wanawake wakaanza kuondoka, na kwetu kuondoka ni kazi: ukiaga sebuleni umefungua tu mlango wa maneno, kuna kuaga kwa ukumbini, na kuaga kwa ngazini, na kule kwa chini baada ya kukumbuka ulichosahau. Madamu alisimama kwenye ngazi, ameshavaa koti, akawatazama mpaka wa mwisho. Aliondoka vilevile bila kuaga.

Ni siku hiyo tulipopata uso wa mama.

Alikuwa anamaliza kofia. Mimi, kando ya kamera, nikamwuliza, kwa sababu nilimwuliza kila mtu hivyo, "Mama, hii ya nani?"

"Ya nani? Ya baba yako, ya nani tena!" Akacheka, na wenzake wakacheka. Kisha akaivisha kofia gotini kuangalia mzingo wake, akaizungusha kidogo, akaizungusha tena. Kicheko kikamtoka polepole, kama maji yanavyoshuka ndani ya mchanga. Aliitazama ile kofia gotini pake. Akainua macho. Kamera ilikuwa bado inazunguka.

Baba alitupeleka bandarini baada ya Mapinduzi, mama na mimi niliyekuwa mtoto wa kushikwa mkono, akasema atatufuata akishamaliza mambo ya kazini. Habari zake zilikuja za kila namna. Mmoja alimwona Pemba, mwingine akasikia yuko Dubai, na mmoja, rafiki yake mkubwa, alipoulizwa alinyamaza. Mama alichagua za Pemba na Dubai. Miaka yote hiyo aliishi kama mke wa mtu aliye safarini. Hakukaa eda. Alipochumbiwa na mwanamume wa heshima, mwenye duka lake, alijibu, "Mimi nina mume." Wanawake wa Jumapili walilijua lote hilo, na kwa adabu yao walimwuliza kila Iddi, "Bwana hajaleta salamu?" naye akajibu, "Bado njia ngumu."

Filamu yangu ilikuwa ionyeshwe kwa hao hao, ukumbini, siku ya Iddi ya Hajj. Nikikata kwenye kicheko, mama angebaki alivyo. Nikiacha ile pumzi moja, ukumbi mzima ungeona kwamba anajua, na kwamba amejua zamani. Ningekuwa nimemfanya mjane mbele ya watu, kwa mkono wangu, na taa zimezimwa.

Madamu alipokiona kipande hicho, bila sauti kama kawaida yake, mkono wake ulikwenda wenyewe. Akachora alama ya manjano mbali, mbali sana, baada ya kicheko, baada ya kofia, pale mama anapoinua macho. "Hapa," alisema. "Filamu yako ni hii. Zilizobaki ni sindano na biskuti." Hakuniuliza mama amesema nini. Sikumwambia.

Nikaanza kukosa usingizi. Nilijaribu kukitazama kinyumenyume kama alivyonifundisha: kwanza huzuni, halafu kofia inazunguka, halafu kicheko kinampanda usoni kama mtu anayezinduka kutoka ndoto mbaya. Nilikipenda hivyo. Nilitamani kukionyesha hivyo.

Madamu naye aliacha kazi miezi ile. Nyonga ilimwuma, ngazi zikamshinda, na dada yake huko Ufaransa akamwambia arudi. Iddi ilipokaribia nilimfuata mtaani kwake. Mpangaji wa chini akaniambia yuko kwenye duka la kufulia kwa mashine, lile la kutia sarafu.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, fimbo kando, akitazama dirisha la mviringo la mashine. Ndani nguo zilikuwa zinapinduka katika povu. Watu wengine walisoma magazeti. Yeye alitazama.

"Kaa," alisema. "Yule sweta mwekundu ndiye mwenye hadithi. Shuka zinamwonea."

Nikakaa. Tukamtazama sweta akizama na kuibuka.

"Hujakata," alisema.

"Sijakata."

"Alama yangu haionekani?"

"Inaonekana, Madamu."

Ndipo nikamweleza yote, baba na bandari na eda na salamu za Iddi, nikieleza kwa namna yangu ya kueleza, yenye matawi mengi. Hakunikatiza. Mashine ilipiga kelele za mwisho, ikasimama, nguo zikaanguka chini ya dirisha zikatulia. Hakuinuka.

"Nilipouona uso ule nilifurahi," alisema. "Unajua? Moyo wangu uliruka. Nikasema, hii ndiyo."

"Ni kipande kizuri."

"Ni kizuri sana." Akapangusa miwani kwa pindo la sketi. "Ile filamu ya tuzo. Kulikuwa na mzee ndani yake, si mwigizaji, mwoka mikate wa mji ule tuliopigia. Mwongozaji alimwuliza kuhusu vita. Mzee akasema wote tulikuwa mashujaa. Nikamwacha. Akakaa kimya, nikamwacha. Mpaka ikaonekana kwamba hakuwa shujaa, na hakuna aliyekuwa. Wakuu wa sinema walisimama kupiga makofi. Mjini kwake waliacha kununua mkate wake."

Nilingoja asimame avae koti, kama ilivyokuwa desturi ya hadithi zake. Hakuvaa.

"Siku ya kutoa tuzo sikwenda. Niliwaambia nina miadi ya jino. Nilikwenda kweli kwa daktari, nikafungua mdomo, akatafuta, hakuona kitu. Nikamwambia ling'oe lolote."

"Ungekata mapema, kama ungejua?"

"Hapana," alisema mara moja. Kisha, "Sijui. Nimekata nyuso za watu maisha yangu yote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kile kiti changu." Akaichukua fimbo, akainuka kwa taabu, akafungua mlango wa mashine, akaanza kutoa nguo moja moja na kunipa nimshikie. "Wiki hii naondoka. Kodi ya chumba imelipwa hadi mwisho wa mwezi. Meza itachukuliwa."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumuaga, ya shukrani, marefu. Nilipogeuka kuziweka nguo kwenye mfuko wake nikasikia kengele ya mlango. Alikuwa ameshatoka, mfuko ameniachia mimi. Nilimfuata hadi kwake, nikapanda nao ngazini, nikauweka mlangoni pake. Sikubisha hodi. Sikumwona tena.

Nikawaza, kwa namna ninavyowaza. Mama akikasirika? Akilia, na mimi sijui kumbembeleza mtu? Akiniambia kwamba nimemwibia? Je, akicheka, ikawa yote niliyoyaona ni ya kichwani mwangu? Mwezi ulikuwa unakwisha. Jumamosi asubuhi nilimkuta mama jikoni nikamwambia, "Mama, vaa buibui lako. Nataka ukaone kazi yangu."

"Ipi? Ile ya makopo?"

"Hiyo hiyo."

Alibeba mkate wa kumimina kwenye taulo. Nikamwambia mwenyewe hayupo, kasharudi kwao. "Chumba kipo," alisema. "Chumba cha mtu hakiingiwi mikono mitupu." Alipanda ngazi zote bila kulalamika, akaingia, akavitazama vile vipande vikitikisika, akakaa kwenye kiti cha Madamu na kujigeuza mara mbili.

"Kiti hiki kina umbo la mtu," alisema.

Nikazima taa, nikamwonyesha mkono wa kupeleka mbele na wa kurudisha nyuma, nikaiendesha. Akawaona wenzake. "Mtazame shangazi yako na hivyo visheti! Na sukari anayo." Akacheka. Kisha akajiona mwenyewe, na sauti yangu ikauliza hii ya nani, na yeye wa kiooni akajibu, akacheka, na mama kitini akatabasamu pamoja naye. Sikusimamisha. Nikaiacha mpaka kioo kikawa cheupe.

Njiwa alipita juu. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Akatazama tena. "Rudisha." Mara hii alishika mkono wa mashine mwenyewe, akaenda nao polepole, fremu baada ya fremu, mpaka akajikuta pale anapoinua macho, akajisimamisha.

"Wangapi wameiona?"

"Mimi na Madamu. Basi."

"Alisema nini?"

"Alisema filamu yote ni hapo."

"Ana macho yule." Akautoa mkono kwenye mashine. "Wajua kwa nini sikukaa eda?"

"Hakuna aliyekuletea habari, Mama."

"Habari ilikuja, mwanangu. Rafiki yake baba yako alinyamaza mbele yangu, ukiwa umelala hapa begani. Habari ilifika. Mimi ndiye niliyekataa kuipokea." Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya shavu la yule mwanamke mdogo. "Huyu keshaipokea. Na mimi nilikuwa sijui."

Nilimshika bega.

"Jumatatu nitamwendea sheikh," alisema. "Atanihukumia yeye, eda yangu ianze lini."

"Na hiki, Mama? Nikikate?"

"Usikikate. Lakini wasinione humu kabla hawajaniona mimi mwenyewe."

"Iddi ni wiki ijayo. Wanaingoja."

"Wewe ndiye uliyewaahidi."

Nikashuka kwa Msaiprasi, nikaomba simu, nikampigia mwenyekiti wa wanawake wetu. Kila nilipowahi kuomba radhi maishani nilikuwa na sababu tisa mfukoni. Nikamwambia, bila sababu hata moja, Iddi hii hakuna filamu.

"Lo! Ukumbi tumeshauchukua, mwanangu. Na watu nimeshawaambia. Kwani imeharibika?"

"Haikuharibika, Bi Mkubwa. Nimeamua isubiri."

"Isubiri nini?"

"Mama atakwambieni mwenyewe. Anataka mje nyumbani."

Kisha Bi Mkubwa akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Tutakuja. Mwambie asipike."

Nikapanda juu. Mama alikuwa ameshawasha taa na kukata mkate. Nikatoa kipande chake kwenye kibanio, nikakiunganisha kizima, kama kilivyo, mpaka mwisho wa fremu yake ya mwisho, na mama akasimama kando yangu amenishikia ncha ya pili isiguse sakafu.